Vita na vikombe: Jinsi mzozo wa Ireland Kaskazini ulivyoathiri kandanda ya Kigaeli

KWA misimu 22 mfululizo, kuanzia 1969 hadi 1990, hakuna kaunti hata moja ya Ireland Kaskazini iliyotwaa ubingwa wa Ireland nzima katika kandanda ya Kigaeli. Hiyo ndiyo miaka ambayo eneo hilo lilikuwa likitokota kwa mabomu, mauaji ya kulipiza kisasi na doria za wanajeshi. Zaidi ya watu 3,500 waliuawa katika machafuko hayo kabla ya mkataba wa amani kutiwa saini mjini Belfast mnamo Aprili 10, 1998.

Baada ya kiangazi hicho kirefu, mambo yaligeuka. Kati ya 1991 na 2025, kaunti nne za eneo hilohilo zilinyakua kombe mara 9: Tyrone mara nne, Down mara mbili, Armagh mara mbili na Derry mara moja.

Ni rahisi kuzitazama takwimu hizo na kusema kwamba vita viliua kandanda nayo amani ikaifufua. Hata hivyo, historia yenyewe haijanyooka kiasi hicho. Ipo miaka ambayo vilabu vya vijijini vilitamba risasi zikirindima, na zipo kaunti zilizoishi kwa utulivu lakini zikaambulia patupu.

Mchezo wa nyumbani

Kandanda ya Kigaeli huchezwa na timu mbili za wachezaji 15 kila upande. Mchezaji anaruhusiwa kuudaka mpira na kukimbia nao mikononi, mradi kila baada ya hatua nne audundishe chini au auguse kwa mguu na kuurudisha mikononi. Milingoti ya goli ina umbo la herufi H. Mpira ukiingia wavuni chini ya mwamba huwa ni bao lenye thamani ya pointi 3. Ukipita juu ya mwamba ni pointi 1, na tangu 2025 mkwaju unaopita juu ukipigwa kutoka nje ya mstari wa mita 40 huleta pointi 2.

Mchezo huu husimamiwa na Chama cha Michezo ya Kigaeli, kijulikanacho kwa kifupi kama GAA, kilichoasisiwa katika mji wa Thurles mnamo Novemba 1, 1884. Wachezaji ni wa ridhaa. Hawalipwi mshahara, na wengi wao ni walimu, wakulima, mafundi au wanafunzi wanaofanya mazoezi jioni baada ya kazi.

Muhimu zaidi ni kwamba mchezaji huichezea klabu ya parokia yake, na akiwa hodari huteuliwa kuichezea kaunti yake. Hakuna soko la wachezaji kama lile la soka ya kulipwa. Kaunti yenye dhiki haiwezi kununua mshambuliaji kutoka kaunti yenye raha. Kwa sababu hiyo, lolote linaloisibu jamii huonekana uwanjani. Shule zikifungwa, vijana wakihama au barabara zisipopitika usiku, timu haina mahali pengine pa kukimbilia.

Bingwa wa Ireland nzima hukabidhiwa Kombe la Sam Maguire, lililoanza kushindaniwa mnamo 1928, na fainali huchezwa katika uwanja wa Croke Park jijini Dublin.

Mpaka unaogawa, ligi isiyogawanyika

Mnamo 1921 Ireland iligawanywa. Kaunti 26 zikaelekea kujitawala, na hatimaye zikawa Jamhuri ya Ireland. Kaunti 6 za kaskazini, ambazo ni Antrim, Armagh, Derry, Down, Fermanagh na Tyrone, zikabaki chini ya Uingereza. Kaunti hizo pamoja na tatu zilizo upande wa Jamhuri, yaani Cavan, Donegal na Monaghan, ndizo zinazounda mkoa wa kale wa Ulster.

GAA ilikataa kuutambua mpaka huo katika mashindano yake. Mpaka leo kaunti zote 9 hushiriki pamoja ubingwa wa Ulster, kisha zinazofuzu hukabiliana na wababe wa mikoa mingine.

Lakini mpaka uliacha alama yake. Chama hicho kilizaliwa katika vuguvugu la kufufua utamaduni wa Ireland, na wazalendo waliotaka Ireland moja walikiona kuwa chao. Uhasama uliongezeka Novemba 21, 1920, pale majeshi ya Uingereza yalipofyatulia risasi umati katika uwanja wa Croke Park wakati wa mechi kati ya Dublin na Tipperary. Watu 14 walipoteza maisha, akiwemo mchezaji wa Tipperary, Michael Hogan. Jukwaa kuu la uwanja huo lina jina lake hadi sasa.

Kwa Waprotestanti wengi wa kaskazini, waliotaka kuendelea kuwa sehemu ya Uingereza, huo ukawa mchezo wa wapinzani wao. Wao walielekea kwenye soka, raga, kriketi na magongo. Hivyo basi, hata kabla ya bunduki kulia, siasa ilikuwa imekwisha kuzipokonya kaunti za kaskazini sehemu kubwa ya vijana ambao wangeweza kuvaa jezi zao. Kaunti ya Kerry iliyo kusini huteua wachezaji kutoka kila nyumba. Antrim, Down au Derry huteua kutoka upande mmoja wa jamii.

Matokeo yake yalionekana mapema. Kaunti ya kwanza ya Ulster kutawazwa mabingwa ilikuwa Cavan mnamo 1933, ambayo iko upande wa Jamhuri. Cavan ilirudia ufanisi huo 1935, 1947, 1948 na 1952. Kaunti sita zilizo chini ya Uingereza zilisubiri hadi 1960.

Elimu yavusha kombe mpakani

Kombe lilivuka mpaka kwa mara ya kwanza Down walipoilaza Kerry katika fainali ya 1960. Mwaka uliofuata walilihifadhi kwa kuishinda Offaly mbele ya mashabiki 90,556, idadi ambayo haijawahi kufikiwa tena katika mchezo huo. Mnamo 1968 Down waliishinda Kerry tena.

Wengi wanaoisimulia historia hiyo huitaja sheria ya elimu iliyopitishwa Ireland Kaskazini mnamo 1947, iliyofungua milango ya shule za upili kwa watoto wa maskini. Vijana wa Kikatoliki ambao zamani wangeacha masomo mapema kwenda kutafuta vibarua sasa walibaki shuleni. Huko walipata makocha, viwanja na mashindano ya mara kwa mara, na baadhi wakaendelea hadi chuo kikuu.

Ilikuwa dalili njema kwamba mbegu ilikuwa ikiota kwingine pia. Derry walifika fainali ya 1958. Mnamo 1968 Derry walikuwa mabingwa wa Ireland kwa vijana wasiozidi umri wa miaka 21, na mwaka uliofuata taji hilo likaenda kwa Antrim, kaunti inayojumuisha sehemu kubwa ya jiji la Belfast.

Chipukizi waliokosa kuchanua

Agosti 1969 Belfast na Derry ziliwaka moto. Nyumba zilichomwa, familia zikahama mitaa yao na serikali ya London ikawatuma wanajeshi. Mnamo Januari 30, 1972 wanajeshi waliwapiga risasi waandamanaji mjini Derry na kuwaua watu 13 siku hiyo. Mwaka huo ndio uliokuwa na umwagaji damu mkubwa zaidi, ambapo zaidi ya watu 470 waliuawa.

Vijana wa Antrim waliotawazwa mabingwa 1969 walikuwa katika umri ambao kwa kawaida mchezaji huanza kuingia timu kuu. Timu kuu ya Antrim haijatwaa hata ubingwa wa Ulster tangu 1951. Haiwezekani kuthibitisha kwamba wangefaulu kama kungekuwa na amani, kwa maana vijana hodari huweza kufifia popote. Lakini kwa kaunti inayotegemea Belfast, kumwomba kijana avuke jiji usiku kwenda mazoezini lilikuwa ombi la kuhatarisha maisha.

Viwanja vyenyewe havikusalimika. Casement Park, uwanja mkuu wa Belfast uliofunguliwa 1953, ulitwaliwa na jeshi la Uingereza katika kipindi cha 1972 na 1973. Jina la uwanja huo linatokana na Roger Casement, aliyenyongwa London mnamo 1916 kwa kushiriki harakati za uhuru wa Ireland. Huyo ndiye balozi mdogo wa Uingereza ambaye ripoti yake ya 1904 ilifichua ukatili waliotendewa wenyeji wa Kongo chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Fainali ya Ulster nayo ilihamishwa kutoka Belfast hadi mji wa Clones, upande wa pili wa mpaka.

Barabarani, gari lenye vijana na mifuko ya vifaa vya michezo lilikuwa kama limebandikwa kitambulisho cha dini na siasa. Askari waliokuwa kwenye vizuizi walilisimamisha na kulipekua. Mnamo Februari 1988 kijana mmoja wa Tyrone aliuawa kwa risasi ya mwanajeshi alipokuwa akipita kizuizi cha Aughnacloy kuelekea uwanjani. Iliichukua mahakama hadi Novemba 2022 kumpata mwanajeshi huyo na hatia ya kuua bila kukusudia. Mnamo 1991 wanamgambo wa upande wa Uingereza walitangaza kwamba wanachama wa GAA ni walengwa halali wa mashambulizi.

Vilabu vyatamba, kaunti zayumba

Pamoja na hayo yote, kuna jambo linaloitatiza hoja kwamba vita viliua mchezo. Mnamo 1972, mwaka uleule wa vifo vingi zaidi, klabu ya Bellaghy kutoka kaunti ya Derry ilitawazwa bingwa wa vilabu vya Ireland nzima. Klabu ya Burren kutoka Down ilishinda taji hilo 1986 na 1988. Timu za kaunti katika kipindi hicho zilifika fainali mara mbili tu: Armagh wakanyukwa na Dublin 1977, na Tyrone wakalazwa na Kerry 1986 baada ya kuwa mbele kwa pointi 7.

Tofauti kati ya klabu na kaunti inatoa fununu ya jinsi mzozo ulivyofanya kazi. Klabu ni parokia moja. Wachezaji wake hutembea kwa miguu hadi uwanjani, wanajuana tangu utotoni, na vitisho vya nje huwafanya washikamane zaidi. Timu ya kaunti ni kitu kingine. Inahitaji vijana kutoka pembe zote za kaunti wakutane usiku, majuma nenda majuma rudi, wakipita vizuizi na barabara za hatari. Inahitaji pia fedha, uwanja mkuu na wazazi wasiokuwa na hofu. Mzozo uliuimarisha ushirika wa karibu na kuudhoofisha ule wa mbali.

Mfano unaotajwa sana ni Crossmaglen, mji mdogo wa Armagh Kusini ulio karibu na mpaka. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 jeshi lilikalia sehemu ya ardhi ya klabu ya Crossmaglen Rangers, na helikopta zikawa zikipaa na kutua kando ya uwanja. Klabu haikuvunjika, ila iligeuka kuwa fahari ya mji. Hata hivyo, taji lake la kwanza la Ireland nzima lilipatikana 1997, wakati machafuko yalikuwa yakielekea ukingoni. Likafuatwa na mengine 1999, 2000, 2007, 2011 na 2012. Yaani shinikizo liliihifadhi nguvu ya klabu hiyo, lakini mavuno yalikuja shinikizo lilipoanza kulegea.

Si vita pekee

Zipo sababu nyingine za ukame wa makombe ambazo hazihusiani na bunduki. Kati ya 1974 na 1986 kulikuwa na mashindano 13, na Kerry walishinda 8, Dublin 4 na Offaly 1. Timu hizo mbili za kwanza zilikuwa miongoni mwa bora zaidi kuwahi kuonekana, na mikoa mingine pia ilisota mbele yao.

Vilevile, kaunti za Ulster zilizo katika Jamhuri hazikupata chochote katika kipindi hicho ingawa maisha huko yalikuwa tulivu zaidi. Cavan hawajatwaa kombe tangu 1952. Donegal walipata ubingwa wao wa kwanza 1992.

Isitoshe, ufufuo wa kaskazini ulitangulia amani. Down walishinda 1991, Derry 1993, na yote hayo yalitokea kabla ya jeshi la IRA kutangaza kusitisha mapigano Agosti 31, 1994. Down waliposhinda tena Septemba 1994, usitishaji huo ulikuwa na majuma machache tu. Kwa hiyo, ushindi wa Down 1991 hauwezi kuitwa tunda la amani. Ulikuwa zaidi tunda la shule na vilabu ambavyo havikuacha kulea vijana hata katika miaka ya giza. Na kaunti moja ilipovunja mwiko, majirani zake waliamini kwamba nao wanaweza.

Kizazi cha Tyrone

Palipoonekana mchango wa amani ni katika uwezo wa kudumu kileleni. Mnamo Agosti 15, 1998, miezi minne baada ya mkataba, bomu liliua watu 29 mjini Omagh, makao makuu ya kaunti ya Tyrone. Mwezi uliofuata timu ya vijana ya Tyrone chini ya kocha Mickey Harte ilitwaa ubingwa wa Ireland. Safari hii chipukizi hawakuzimika. Walishinda taji la wasiozidi miaka 21 mnamo 2000 na 2001, na 2003 wakanyakua Kombe la Sam Maguire kwa mara ya kwanza katika historia ya kaunti yao, Harte akiwa angali kocha. Waliongeza mengine 2005 na 2008.

Ukiwalinganisha na vijana wa Antrim wa 1969, tofauti ni bayana. Vikosi vyote viwili vilikuwa na vipaji. Kimoja kiliingia utu uzima nchi ikitumbukia vitani, na kingine nchi ikitoka vitani.

Mwaka mmoja kabla ya ushindi huo wa 2003, Armagh walikuwa wamepata ubingwa wao wa kwanza kwa kuipiku Kerry kwa pointi moja. Kocha wao, Joe Kernan, alikuwa mchezaji katika fainali waliyoshindwa 1977. Fainali ya 2003 kati ya Tyrone na Armagh ilikuwa ya kwanza kuwahi kukutanisha kaunti mbili za mkoa mmoja, na zote zilitoka kaskazini mwa mpaka.

Milango iliyofunguliwa

Amani ilidai chama chenyewe kibadilike. Kwa miongo mingi kanuni yake ya 21 iliwazuia askari polisi wa Ireland Kaskazini na wanajeshi wa Uingereza kuwa wanachama. Novemba 2001, mwezi ambao jeshi jipya la polisi lilianza kazi, kanuni hiyo ilifutwa. Kaunti tano kati ya sita za kaskazini zilipinga kufutwa kwake, Down pekee ikaunga mkono. Si ajabu. Waliokuwa wamezika wapendwa wao waliona ni mapema mno. Huko Bellaghy, mwenyekiti wa klabu alikuwa ametekwa na kuuawa Mei 1997 alipokuwa akifunga lango la uwanja usiku.

Miaka kumi baadaye, Aprili 2011, askari polisi kijana aliyekuwa mwanachama wa klabu ya GAA aliuawa kwa bomu lililotegwa kwenye gari lake mjini Omagh. Katika mazishi, wanamichezo na polisi walipanga mistari kwa pamoja kumpa heshima za mwisho. Muongo mmoja nyuma, sheria za chama zingemzuia kijana huyo kuivaa jezi ya klabu yake.

Deni ambalo halijalipwa

Matunda ya amani hayajagawanywa sawa. Fermanagh, kaunti ndogo kwa idadi ya watu, haijawahi kushinda hata ubingwa wa Ulster. Antrim bado inahangaika licha ya kuwa na Belfast. Casement Park ulifungwa 2013 ili ujengwe upya, lakini kesi mahakamani, upinzani wa majirani na mivutano ya wanasiasa kuhusu gharama viliuchelewesha ujenzi. Mnamo Septemba 2024 serikali ya Uingereza ilikataa kugharimia uwanja huo kwa ajili ya fainali za Euro 2028, na ilipofika Juni 2025 iliahidi pauni milioni 50 bila pengo lote la fedha kuzibwa. Bunduki zilinyamaza, lakini siasa haikuondoka uwanjani.

Na ule mgawanyiko wa kwanza kabisa bado upo. Sensa ya 2021 ilionyesha kwamba asilimia 45.7 ya wakazi wa Ireland Kaskazini ni Wakatoliki au walilelewa hivyo, nao asilimia 43.5 ni Waprotestanti na Wakristo wengine au walilelewa hivyo. Vijana wengi wa kundi la pili hawajawahi kuushika mpira wa Kigaeli.

Julai 2024 Armagh waliishinda Galway kwa pointi moja na kulirudisha kombe kaskazini. Kocha wao, Kieran McGeeney, ndiye aliyekuwa nahodha wa ushindi wa 2002. Wengi wa wachezaji wake walikuwa watoto wadogo, au hawajazaliwa, mkataba wa 1998 ulipotiwa saini.

Wahenga walinena kuwa wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Katika Ulster nyasi ziliumia kwelikweli, na mahali pengine ziligeuzwa kiwanja cha helikopta. Mizizi yake, ambayo ni parokia, shule na wazee waliojitolea kufundisha watoto bila malipo, haikung'olewa. Ndiyo maana mvua iliponyesha, nyasi zilichipua haraka kuliko wengi walivyotarajia. Isipokuwa pale Belfast, ambako uwanja mkuu ungali magugu.